Kuanua

Mdogo wangu Mihayo aliituma kwa meli, kisha kwa treni,
ikashushwa stesheni imeviringishwa mablanketi
kama mgonjwa anayerudishwa kwao.
Vijana wanne na mkokoteni hadi Kiloleni.
Nyeupe, ina dirisha la mviringo,
na sauti ya mtu anayesaga karanga chumba cha pili.

"Dada, pumzika kuanika," aliniambia kwenye simu.
Nilipumzika, sitadanganya.
Agosti ile jua la Tabora limekaa juu ya mabati tangu asubuhi,
halina kazi,
linakausha midomo ya mbuzi tu,
nami ndani nimefunga mlango, nanunua joto.

Luku ililia kabla ya wiki kwisha.
Nikaongeza ya elfu kumi. Ikalia tena.
Usiku nikawaza: umeme huu unatoka wapi?
Mto umefungiwa nyuma ya ukuta,
gesi ya pwani imechomwa,
umepita nyayani juu ya miombo na mizinga ya nyuki,
umefika kwangu na uchovu wake wote
ili ukaushe soksi.
Maji yameitwa kutoka mbali yaje kukausha maji.

Siku ya nne Milembe alisimama penye michongoma,
amejifunga kitenge kama wa kwenda msibani.
"Mtoto mzima?"
"Mzima."
"Sijaona nepi kambani tangu Jumapili.
Nikasema, basi."
Sikujua kamba yangu inasomwa:
sare, ada imelipwa;
shati la kaki, baba karejea safari;
shuka la Kabula, ambaye umri wake sitautaja.

Kisha kile kichujio.
Ukikivuta kinatoka na manyoya.
Manyoya ya nini? Nguo haina manyoya.
Niliyachambua kwa vidole: buluu ni sweta la Kabula,
nyekundu ni kanga niliyopewa kwenye arobaini ya mtoto.
Kila mzunguko inaikwangua, inaila polepole.
Niliiinua dirishani
nikamwona Milembe kupitia pindo,
ameinama, anapuliza kitu juu ya michembe yake.
Bomba langu lilikuwa linatazama huko.
Vinyuzi vya sweta, visivyo pamba, visivyooza,
vimetua juu ya viazi
vilivyokuwa vinakaushwa bure.

Yaliyobaki niliyatupa chini ya mpera.
Chozi wawili wakayaokota,
wakajenga mwisho wa kamba yangu isiyo na nguo
kiota laini cha buluu na wekundu.
Nikajisifu. Angalau wao wamefaidi.
Mvua ya kwanza ya Novemba ilinyesha robo saa, haikuzidi.
Kiota kikalowa, kikanywea,
kikaning'inia kama soksi, kikaachia.
Mayai mawili, madogo kuliko harage.
Dume alizunguka kamba ile mpaka giza.
Chozi. Nimelitaja jina hilo tangu utotoni
bila kulisikia.

Sikuiuza.
Februari, mvua ya siku tano, mtoto ana homa,
shuka la mwisho limelowa saa nane usiku,
niliiwasha, na niliishukuru.
Siku nyingine imefunikwa kitambaa, juu yake redio.
Mihayo akiuliza namwambia ni nzima,
na ni kweli.

Saa kumi jioni naanua.
Nguo ngumu kidogo mabegani,
zina alama za vibanio na harufu isiyouzwa dukani.
Ng'ambo ya michongoma Milembe anageuza michembe.
"Na kesho?"
"Kesho mashuka."
"Basi takataka nitachoma keshokutwa."